Kupiga Mstari

Mimi kutaja watu majina siogopi. Aliyeniunguza ni Zabroni Lukwele, muuza mafuta ya taa kwenye kona ya nyumba yetu, Ilala. Aliyemfunika ni Athumani Chepe, mjumbe wetu wa nyumba kumi wakati ule, aliyeandika kwa mkono wake kwamba chanzo cha moto ni uzembe wa mama mwenye jiko. Mama mwenye jiko ni mimi. Haya nimeyasema sokoni, nimeyasema msibani, na kwenye harusi moja niliyasema mpaka wenye shughuli wakanihamisha meza.

Wa tatu ndiye simtaji. Si kwamba namwogopa, na kama nimemsamehe sijui, mtaona wenyewe. Mtaa mzima tulimwita Fundi Sabuni, tukifupisha Fundi tu, na jina alilopewa na wazazi wake alikuwa halitoi ovyo. Ukimuuliza kwao ni wapi alikujibu, "Umekuja kununua sabuni au kuposa?" Waliosema ni mtu wa Kigoma walisema kwa sababu ya mawese aliyokuwa anapikia. Nilikaa naye nyumba moja miaka kumi na moja, mlango wake unatazamana na wangu, na ukoo wake siujui hadi leo. Ninachokijua ni mikono yake.

Ilikuwa laini kuliko ya bibi harusi, na wala huo haukuwa uzuri. Kostiki, ile dawa kali ya kupikia sabuni, ilikuwa imeila ngozi ya vidole mpaka ikawa inang'aa kama kitako cha kikombe. Tulipotangaziwa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, nilimpeleka kwa dada mmoja aliyekuwa na meza yake chini ya mwavuli Mtaa wa Msimbazi. Akaambiwa abonyeze, akabonyeza. Abonyeze tena. Akafuta kidole kwenye khanga, akabonyeza. Kimashine kikakataa vidole vyote kumi, kimoja baada ya kingine, na watu nyuma yetu wameanza kuguna.

"Bibi, wewe mbona huna mistari?" yule dada akamuuliza.

"Imeishia kazini," Fundi akamjibu. "Ya kwako ipo kwa sababu hujaitumia."

Ikabidi laini yake isajiliwe kwa dole langu la kulia. La kushoto halifai, nitaeleza. Kwa hiyo mpaka leo, kwenye mitambo yao huko, mimi na yeye ni mtu mmoja, na siku nyingine nikiwa na hasira naye nalikumbuka hilo nacheka peke yangu.

Sabuni aliipikia uani, kwenye pipa lililokatwa nusu, juu ya mafiga ya matofali. Kuni zake ziliacha majivu mengi na hakuyatupa. Aliyajaza kwenye magunia akayaegemeza ukutani, akisema majivu ni sabuni ambayo haijaenda shule. Sheria zake zilikuwa chache na hazina mjadala. Kostiki ndiyo inakwenda kwenye maji, maji hayaendi kwenye kostiki; ukigeuza, inakurukia usoni. Ukianza kukoroga kulia, unamaliza kulia. Na sabuni haiuzwi mpaka ulimi uikubali. Hiyo ya ulimi iliwatisha wapangaji wapya. Alikuwa anakata kipande, anakigusa kwa ncha ya ulimi kama mtu anayeonja asali, anafumba jicho moja. Kikimuuma anakirudisha rafuni, anasema, "Bado siku nne," na siku nne zikiisha kweli kinakuwa tayari. Ulimi huo huo kwa chumvi ulikuwa umekufa kabisa. Mboga yake ilikuwa chumvi tupu, hailiki, na ole wako uibakize kwenye sahani.

Alikuwa na vituko vyake. Siku moja nilimkuta nyuma ya bafu anafulia khanga zake kwa sabuni ya unga ya dukani. Nikasimama nikamtazama, naye akanitazama, povu limemjaa mikononi. Akasema, "Ukisema, tutagombana." Sikusema. Leo ndiyo mara ya kwanza.

Lakini kwenye kazi hakudanganya. Kulikuwa na Mwarabu mwenye duka la jumla Kariakoo, Mtaa wa Kongo, mtu mzuri tu, aliyemwomba aongeze maji kidogo kwenye sabuni ili vipande vionekane vinene. Fundi akabeba boksi lake kichwani akarudi nalo Ilala kwa miguu. Wiki haikuisha, mwenye duka alimfuata mwenyewe. Fundi akamwambia sabuni ikimvunjikia mtu mkononi, atatukanwa aliyeipika, na aliyeipika ni yeye. Ndiyo maana kilichotokea baadaye kilinishinda kukielewa. Mtu huyo huyo.

Kilichompa heshima mtaani, zaidi ya sabuni, ni glasi. Mtu akimuuliza sabuni inafanyaje kazi, aliacha mwiko, akaenda kuleta glasi ya maji na vijiko vyake: chumvi, sukari, mchanga, mafuta. Alisema aliwahi kupiga deki kwenye shule ya sekondari ambayo madirisha ya maabara yake hayakuwa na vioo, na kwamba masikio hayalipiwi ada.

"Watu wanasema maji na mafuta ni maadui," alikuwa anaanza hivyo kila siku. "Uongo. Maji hayana habari na mafuta. Maji yanapendana yenyewe, yameshikana mikono, hayataki kuachiana. Chumvi akija, ana mikono, anashikwa, anaingizwa katikati. Sukari vile vile. Mafuta hana mkono. Utamshika wapi? Anabaki nje na wenzake."

Jirani yetu Mama Jeni, ambaye alikuwa haachi kitu kipite, akauliza na mchanga je, maana mchanga si mafuta.

"Mchanga umeshikana wenyewe kwa wenyewe, maji hayana nguvu ya kuuachanisha. Hao ndugu wa damu."

"Na sabuni?"

"Sabuni mshenga. Ana mkono mmoja na mkia mmoja. Mkono anawapa maji, mkia anauchomeka kwenye mafuta, wanaondoka wote watatu. Umeona?"

Halafu alikuwa anatia sukari kwenye glasi nyingine, anakoroga mpaka haionekani, anamuuliza aliye karibu sukari iko wapi. Ukisema imeyeyuka, imeisha, anakusukumia glasi. "Onja. Kilichoyeyuka hakijapotea." Nimeonja glasi hiyo mara nyingi, najua utamu wake.

Sasa niwaeleze kupiga mstari, maana ndiyo kiini cha yote.

Wakati ule karibu kila chumba kilikuwa na jiko la mafuta ya taa, lile la tambi. Wauzaji walizoea kuongeza maji kwenye mafuta, jiko linakohoa, linazimika, wali haujaiva. Fundi akatufundisha. Chukua chupa nyeupe ya soda, tia mafuta uliyonunua, ongeza maji kifuniko kimoja, tikisa, acha itulie. Mafuta yatapanda, maji yatashuka, na katikati utaona mstari umenyooka kama umepigwa kwa rula. Maji ya chini yakiwa yale yale kifuniko kimoja, hujaibiwa. Yakizidi, rudi kwa muuzaji na chupa yako mkononi.

Mtaa ukashangilia. Wauzaji wawili waliaibika mbele za watu, mmoja akahama. Nasi, kama watu walivyo, tukaifupisha: mstari ukinyooka, mafuta safi. Tukawa tunaulizana dukani, "Umepiga mstari?" Watoto wakaigeuza mchezo. Mtu akishukiwa uongo anaambiwa apigwe mstari. Fundi alikuwa akipita Ilala wanamwita, "Fundi wa mstari!" naye anapunga mkono kama mgombea. Zabroni ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweka chupa juu ya pipa lake, pamoja na kikombe cha maji, mteja ajipimie mwenyewe.

Mpira wa kunyonyea mafuta tuliuona. Haukufichwa, ulining'inia msumarini nyuma ya duka. Zabroni alikuwa na watu wake kwenye malori yatokayo bandarini. Wananyonya kwenye matenki, leo petroli, kesho dizeli, anamwaga humo humo kwenye pipa la mafuta ya taa. Tuliona, na hatukujali. Si tunapiga mstari?

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, mchana, baada ya watu kutoka kanisani. Mdogo wangu Zuhura alikuja kunisuka. Nilinunua mafuta kwa Zabroni nikapiga mstari palepale dukani, na nyumbani, kwa sababu mimi ni mtu wa kurudia, nikapiga tena. Zuhura ndiye aliyeinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Akasema, "Safi, dada."

Nilijaza jiko, nikawasha. Sitaeleza mlio wake. Nitaeleza maji. Mama Jeni alisikia kelele, akakimbia na ndoo, akamwaga yote juu ya moto, na namwapia kwa Mungu hana kosa, hata mimi ningemwaga. Maji yakashuka chini, mafuta yakapanda juu, kama tulivyofundishwa. Moto ukapanda juu ya maji ukatembea nayo. Sakafu ya chumba changu ilikuwa imeinama kuelekea kona ya kitanda. Zuhura alikuwa amekimbilia kona ya kitanda.

Wa pili aliyekuja na ndoo, Fundi alimpiga mkono ndoo ikaanguka. Akaingia na gunia la majivu, akalipasua, akamwaga, akarudi akaleta jingine. Mimi alinizungushia gunia bichi akanivuta kwa miguu hadi uani. Alikuwa mzee tayari, sijui aliwezaje. Mimi nilipona: shingo, kifua, na mkono wa kushoto ambao vidole vyake vilishikamana vitatu pamoja mpaka leo. Zuhura alipumua siku sita.

Nilipotoka hospitali Chepe aliitisha kikao uani. Walikuja wapangaji wote. Pipa la Zabroni lilikuwa limeshamwagwa mtaroni na kuoshwa kabla jua halijachomoza kesho yake baada ya moto. Zabroni mwenyewe alivaa shati jeupe. Hakupaza sauti, alizungumza kama mtu anayenionea huruma.

"Mama Idi mwenyewe alipiga mstari," alisema. "Mara mbili. Aseme kama nasema uongo."

Chepe akanigeukia. "Ulipiga?"

"Nilipiga."

"Ulinyooka?"

Ningesema nini? Niliona kwa macho yangu. "Ulinyooka."

Watu wakashusha pumzi. Unajua ile pumzi ya watu wanaoona mambo yameisha vizuri kwa kila mtu isipokuwa mmoja. Nikamtazama Fundi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na magunia, mawili yamebaki matupu, anatazama mikono yake. Nikasubiri. Mtaa wote ulikuwa hauna mtu mwingine wa kujua kama mstari unaweza kudanganya. Alikuwa mmoja tu, na alikuwa anatazama mikono yake. Chepe akaandika uzembe. Faili likafunguliwa polisi, nikaambiwa njoo kesho, njoo Jumatatu, njoo mwezi ujao. Mtaani mtu akikuzungusha hivyo tunasema amekuyeyusha. Mimi niliyeyushwa miaka miwili, hadi faili lenyewe likayeyuka.

Kuanzia kikao kile Fundi hakuonyesha glasi tena. Chupa zote za uani alizivunja akazifukia. Na ile hadithi ya maji kushikana mikono, tangu vidole vyangu vishikane, hakuisema tena mbele yangu.

Lakini sasa sikilizeni upande wa pili, maana bila huo mtamwona mbaya tu. Bandeji zangu zilifuliwa na yeye, miezi mingi, zinanuka, binamu zangu wenyewe walikuwa wanaziba pua. Chakula chake cha chumvi alikuwa ananilisha kwa kijiko na ananigombeza nisipomaliza. Mume wangu alipoondoka, na sitamtaja kwa sababu hastahili hata wino, Fundi alinivuta uani akaniambia kupika sabuni hakuhitaji vidole kumi, kunahitaji akili na pua. Akanifundisha. Nilikuwa namchukia na kumkorogea mawese kwa wakati mmoja, kulia mwanzo hadi mwisho. Leo ukipita Kariakoo nyuma ya soko ukiona mama ana shingo iliyokunjamana anauza sabuni ya kipande, ya rangi ya machungwa, nzuri, ni mimi. Kila kipande kimepikwa kwa sheria zake.

Kwa miaka yote hiyo hatukuzungumza habari ya mstari, hata mara moja. Nilitaka aanze yeye. Naye, nadhani, alikuwa anasubiri nimuulize. Miguu ilipomvimba, bintiye akamchukua kwake Buguruni.

Mwaka huu Zabroni amerudi. Amenenepa, ana gari. Anataka kona ile ile, ukuta ule ule wa nyumba yetu, afungue ghala la mitungi ya gesi na petroli ya madumu kwa ajili ya bodaboda na jenereta. Mwenyekiti wa mtaa ni mgeni, hajui lolote, anataka tu kuandika barua ya kuruhusu na kugonga mhuri. Akatangaza kwamba jirani mwenye pingamizi alete kwa maandishi, kikao Jumatatu. Nilipokwenda kumweleza, Chepe alikuwa ameshafika na karatasi yake ya zamani, imekunjwa mara nne: uzembe wa mama mwenye jiko. Mwenyekiti alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza swali lile lile.

"Mama, wanasema mafuta uliyapima mwenyewe yakawa mazuri. Ni kweli?"

Ndani ya nyumba ile sasa kuna vyumba vinane, watoto siwezi kuwahesabu. Jumamosi nikaenda Buguruni.

Nilimkuta kwenye korido, amekaa kwenye mkeka, miguu juu ya mto. Nje mafundi gari wanagonga mabati hata hausikii vizuri. Amekuwa mdogo sana. Mikono ndiyo ile ile.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya Zabroni."

Kumbe habari zilishamfikia. Sikukaa kwanza. Nilikuwa nimebeba kapu. Nikatoa chupa ya soda, nikatoa mafuta ya taa niliyoyatafuta nusu ya siku, siku hizi hata hayapatikani, nikatoa petroli kidogo niliyopewa na mafundi wa hapo nje. Nikatia mafuta ya taa, nikatia petroli, nikatia maji kifuniko kimoja. Nikatikisa. Nikaiweka chini mbele yake, hatua nyingi kutoka jikoni kwa bintiye, hilo nilihakikisha. Tukaitazama wote wawili inavyotulia. Mstari ukanyooka, safi kabisa, mzuri kuliko yote niliyowahi kuiona.

"Petroli iko wapi?" nikamuuliza.

Akaigusa chupa kwa kidole.

"Si ulisema kilichoyeyuka hakijapotea? Iko wapi?"

"Imeyeyuka kwenye mafuta ya taa. Hao wote hawana mikono, wanakaa pamoja. Maji hayawezi kukuambia, maji hayajui."

"Ulijua lini? Kabla ya Zuhura au baada?"

Hili ndilo swali nililolibeba miaka kumi na tatu. Nilikuwa nimejiandaa kwa jibu moja tu, la baada. Ningelia, tungelia wote, ningerudi zangu Ilala.

"Kabla," alisema. "Nilijua siku ya kwanza niliyowafundisha. Nilikuwa nawafundisha kutafuta maji, kwa sababu wakati ule walikuwa wanatia maji. Halafu mkaanza kusema safi. Nikasikia mnasema safi, nikasema moyoni, kesho nitawasahihisha. Ilikuwa maneno manne tu. Mstari unaonyesha maji tu." Akayahesabu kwenye vidole vyake visivyo na alama. "Maneno manne. Lakini mlikuwa mnaniita barabarani. Ilikuwa tamu."

"Na siku ya kikao?"

"Siku ya kikao nilikuogopa wewe. Zabroni sijawahi kumwogopa."

Nilitaka kumpiga. Naandika hivyo kwa sababu ndiyo kweli. Nikatoa daftari badala yake.

Mwandiko wangu ni wa darasa la nne, nakwenda pole pole, ulimi nje. Alisema, nikaandika. Kwamba yeye ndiye aliyefundisha mtaa kupiga mstari. Kwamba mstari hauonyeshi petroli. Kwamba alikuwepo, alisikia mlipuko, aliona moto ukipanda juu ya maji, na mafuta ya taa matupu hayalipuki vile. Kwamba Mama Idi hakuwa na uzembe, alipima kama alivyofundishwa. Alipomaliza akaniambia nimsomee. Nikasoma. Nilipofika katikati akainua mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia. "Mimi fundi sikujua kwamba mstari hauonyeshi petroli."

"Nimesema nini mimi?"

Nikatazama daftari. Ni mkono wangu, ni kalamu yangu. Sikuwa nimekusudia. Mtu niliyemlaani miaka kumi na tatu, kumbe kalamu ilikuwa imeshamwombea msamaha bila ruhusa yangu.

"Futa," alisema. "Andika nilijua. Ukiandika sikujua, Chepe atasema kikongwe hana elimu, hajui hata sasa. Andika nilijua na nikanyamaza. Hiyo ndiyo itawauma."

Nikafuta, nikaandika. Jina hakutaka niandike, alisema majina yanafanana. Kwenye njia panda kuna duka la stesheneri, nilikwenda nikaazima kile kisponji cha wino wa mhuri. Akakandamiza dole gumba, akalibandika chini ya maneno, akalishikilia muda mrefu. Alipoliinua kulikuwa na doa la bluu la duara, halina mstari hata mmoja.

Bintiye alimwagia maji mikono, wino haukutoka hata kidogo. Nikatoa kipande cha sabuni yangu kapuni. Fundi akakipokea, akakigeuza, akakigusa kwa ulimi, akafumba jicho moja.

"Bado siku tatu," alisema. "Una haraka kama zamani." Akanirudishia, akaacha dole lake na bluu yake.

Jumatatu ofisi ya mtaa ilijaa. Zabroni alikaa mbele, shati jeupe tena, Chepe pembeni yake. Nikampa mwenyekiti karatasi. Akasoma polepole, midomo inacheza, akarudia sehemu moja, akafika chini akakunja uso. Akaigeuza kuelekea dirishani.

"Mama, hili ni dole au ni doa? Mbona halina mistari?"

Chepe akadaka palepale kwamba si mnaona, amechovya kizibo cha chupa kwenye wino, jambo gani hili. Watu wakaanza kucheka. Mwenyekiti akailaza karatasi mezani, akauliza kama kuna mtu yeyote anayeweza kusema ni la nani. Zabroni akainama kuiangalia. Alikuwa ananunua sabuni kwa Fundi miaka yote ile, anapokea chenji kutoka kwenye mkono ule.

"Hilo la Fundi," alisema.

Ilimtoka tu, kama mtu anayemtambua jirani yake njiani. Halafu akasikia alichosema. Akamtazama Chepe, na Chepe akatazama sakafu, na kicheko kikaisha.

"Fundi gani?" mwenyekiti akamuuliza.

Zabroni akaegemea nyuma kwenye kiti. Mwenyekiti akafungua droo, akarudisha mhuri ndani, akafunga. Akavuta daftari jipya, akaniambia nikae karibu, nianze mwanzo, na nitaje majina. Nikavuta kiti.